Siku Jirani Alipoifungua Pampu

Rafiki yangu, juzi nilikwenda Matemwe kwenye khitma ya jirani yetu, yule mama mkulima wa mwani tuliyepakana naye ukuta. Kinamama walimkumbuka kwa ukali wake na mchuzi wake wa pweza. Pampu hakuitaja mtu. Nikainamia sahani yangu ya pilau, nikaikumbuka siku ile.

Nilikuwa na miaka tisa, nalelewa na bibi pamoja na mdogo wangu. Zamani tukiteka maji pangoni, maji ya chumvichumvi, tukishuka kwa kushikilia mawe yenye utelezi. Kisha wakaja watu wa mradi kutoka nje, wakachimba kisima kirefu na kuweka pampu ya mkono. Kabla ya kuondoka walimfundisha jirani kuitengeneza, wakamwachia sanduku la spana na mipira ya akiba. Wanaume walicheka sana, mwanamke kushika spana. Sisi watoto tukazoea kuamshwa na mlio wa ule mpini, bibi yuko jikoni anamimina mikate kikaangoni.

Masika moja pampu ikakauka. Fundi wa mjini akasema tumsubiri. Tukarudi pangoni, na mvua ilikuwa imeyatia tope maji yote. Siku ya tatu mdogo wangu akaanza kuhara na kutapika. Kufika adhuhuri macho yameshazama. Muuguzi wa kituoni alitupa dawa ya kuchanganya na maji, akamwambia bibi, "Yawe safi. Ya pangoni msimpe tena."

Bibi akaenda moja kwa moja kwa jirani. "Ifungue."

"Mabomba yakiniponyoka yakaanguka ndani, kisima ndiyo kimekufa. Mtaa mzima utanilaani."

"Na mtoto je?"

Jirani akaingia ndani, akatoka na sanduku.

Kinamama sita walishika kamba, bibi mbele. Mimi nilipewa spana nishike, nikaishika kwa mikono miwili. Mabomba yakapanda, moja baada ya jingine. La nne likateleza. Kamba ikakimbia, ikamchuna bibi viganja.

"Msiachie!" jirani alipiga kelele. "Jamani, msiachie!"

Hakuachia mtu. Jirani akalibana lile bomba, jasho linamtiririka, akaendelea. Chini kabisa mpira unaovuta maji ulikuwa umelika, umebaki kama kitambaa kibovu. Akatia mpya, wakayashusha mabomba kimya kimya. Wakasukuma mpini, pampu ikatoa upepo, kisha tope, kisha maji.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Bibi alijaza birika akakimbia nalo nyumbani, damu mikononi. Sikuwahi kumwona akikimbia kabla, wala baada ya siku ile. Tulimnywesha mdogo wangu kijiko kwa kijiko mpaka alfajiri, na keshokutwa yake akaomba mkate.

Leo maji yameingia majumbani, alhamdulillahi. Pampu imeng'olewa, na njia ya pangoni imeota miiba. Sitamani kurudi kule. Ila wale wanawake sita natamani wangekuwapo. Siku hizi maji yakikatika, kila mtu hufunga mlango wake akasubiri.