Nilivyouokoa Mtumbwi wa Baba Mdogo

Nina shahada, na nahoji kila kitu: mahubiri, wahadhiri, hata bei ya sangara. Jumamosi asubuhi, pale Igombe, niliukuta mtumbwi wa baba mdogo umezama ufukweni, umejaa maji na mawe. Kesho yake alitakiwa kwenda kuvua, na nyumba yake inakula kwa mtumbwi huo.

"Mwanangu, uache hivyo hivyo," akasema mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa.

Nikamhubiria kuhusu uzembe wa watu wetu. Nikatoa mawe, nikachota maji, nikausukuma mtumbwi hadi mchangani. Ukashinda juani. Mbao zilipokauka kabisa, nikaziba nyufa zote kwa gundi ya dukani.

Jioni baba mdogo akafika.

"Shikamoo, baba."

Akauzunguka mtumbwi. "Nani kautoa majini?"

"Mimi. Ulikuwa umezama."

"Nimeuzamisha mwenyewe! Mbao zinywe maji, zivimbe, nyufa zijifunge. Wewe umeukausha, ukapaka gundi itakayobanduka majini?"

"Vizuri sana, baba."

Mama wa dagaa akaangua kicheko.

"Basi kesho mimi nitavua," akasema baba mdogo, "na wewe utachota maji mpaka turudi."

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama kuna ndoo kubwa.