Beseni la Maji Baridi

Leo nimesemwa na mama yangu mzazi kwa kosa la kuosha uso.

Ngojeni kwanza.

Asubuhi Baba Zuhura kanitumia ujumbe. Binti yetu haji kwangu likizo hii, eti kwa sababu mimi "bado sijapona". Mikono ikaanza kutetemeka. Zamani ikitetemeka hivyo, nilikuwa najikata.

Sasa kila wiki nashuka Masasi kwenye tiba ya DBT. Ni mazoezi ya kuvumilia maumivu ya moyo bila kujidhuru. Mshauri wangu alinifundisha kwamba yakizidi, nizamishe uso kwenye maji baridi na kuhesabu taratibu.

Nikachota kwenye pipa, nikajaza beseni. Nikazamisha uso. Na kweli, mikono ikatulia.

Nainua kichwa, mama kasimama mlangoni.

"Mama Zuhura, hayo ni maji ya kunywa. Yamepanda mlima kwa bodaboda, wewe unayachezea."

"Nisamehe mama, ndiyo tiba yangu."

"Tiba gani haina hata kidonge."

Akabeba beseni, akawapelekea mbuzi.

Sawa, nimezaliwa hapahapa Newala, shida ya maji sihitaji kuhadithiwa. Niambieni nyie kama nimekosea.

Lakini mwaka jana nilipojikata, mama aliosha damu yangu sakafuni kwa ndoo tatu nzima.

Siku ile hakuna aliyesema maji yanapotea.