Dorkasi Hatemi Divai

Mimi Castory nimekunywa kila kinachonyweka kati ya Korogwe na bahari, na madarasa manne niliyosoma hayajanizuia kuwa mtaalamu. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba kuna siku niliishiwa maneno mbele ya bilauri, tena mkononi mwa shemeji yangu, mniamini.

Dorkasi ni dada wa mke wangu, mkazi wa Mabawa, mzee wa kanisa kule kwa Walutheri. Ndiye anayeandaa kikombe cha Meza ya Bwana. Miaka mingi amepika kwenye hoteli moja karibu na Kigombe, mpaka moshi ukamharibu kifua na daktari akamwamuru atoke jikoni. Pale hotelini ilibaki nafasi moja tu, kutunza stoo ya mvinyo. Akiikosa hiyo, afungashe.

Mwenye hoteli, Enzo, Mtaliano mzee anayeongea Kiswahili kama mtu wa Muheza, akampangia bilauri nne mezani. Mvinyo wa shamba moja la kwao, zabibu za aina moja, ila miaka mbalimbali.

"Mama Dorkasi, onja, kisha niambie upi mchanga, upi mkubwa, mpaka babu yao. Ukionja, tema humu." Akasogeza ndoo.

Mimi nilikuwa pale kutengeneza bomba. Haya, bomba lilikuwa limeshapona. Nilibaki kwa ajili ya ushauri.

Dorkasi akaonja wa kwanza, akameza. Wa pili, akameza.

"Mama, tema!"

"Divai haitemwi, mzee Enzo. Hata inayobaki kikombeni hatuimwagi kwenye sinki, twaimwaga ardhini, pahali pasafi. Nawe waniletea ndoo ya kupigia deki!"

Kufika wa nne, mwanamke aliyezoea funda moja la Jumapili moja moja alikuwa anatabasamu peke yake. Akapanga bilauri kwa kujiamini kabisa, babu akamweka katikati ya wajukuu.

"Shem, umelewa," nikamwambia. "Babu wa watu umemfanya kitukuu."

"Nyamaza, pipa la pombe ya miwa!"

Enzo akatikisa kichwa, kwa huruma. Mtunza stoo huonja kila siku, akasema. Akiwa anameza, saa sita mchana tutamwokota. Kesho ajaribu tena mara moja, na ateme. La sivyo, basi.

Asubuhi Dorkasi akaja uso kaukaza. Ndoo ipo palepale, nami na ushauri wangu nipo. Akapiga funda la kwanza, akalizungusha mdomoni, akainuka, akatoka nje! Tukamfuata hadi nyuma ya stoo, penye mchanga uliofagiwa. Akapiga magoti, akainama, akaiachia divai taratibu, bila sauti, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akarudi ndani kuchukua wa pili.

Enzo alikuwa amevua kofia. Mimi nilitafuta utani wa kumtania, sikuuona.

Wa mwisho alikaa nao mdomoni muda mrefu, macho kayafumba. Aliporudi mezani hakugusa bilauri kwanza.

"Huu," akasema polepole, "ni kama kufungua kabati la mninga la marehemu mama, kanga zake bado zimo. Halafu mwishoni kabisa tunda linarudi, dogo, kwa mbali. Mzee Enzo, waliozichuma zabibu hizi wangali hai?"

"Wengi hawapo. Baba yangu alikuwa mmojawapo. Ni wa mwaka sabini na nane."

Sabini na nane! Mwaka wa vita vya Kagera, mimi natoroka darasa la nne. Jua la mwaka ule na mvua ya mwaka ule vimefungiwa chupani, vinausubiri ulimi wa shemeji yangu! Nywele zilinisimama, na nywele zenyewe sina.

Akazipanga. Zote nne mahali pake. Enzo akamkabidhi ufunguo wa stoo kwa mikono miwili.

Sasa wageni wakija kuonja, Wazungu wazima, Dorkasi huwatoa nje, nao huinama mchangani kwa adabu. Wiki iliyopita nikaenda kujiunga nao.

"Shem, wewe utatema?"

"Nitakavyotema mimi, utashangaa."

Akaniangalia koo, akanifungia mlango wa stoo.