Ndege Ambaye Feruzi Hakumwona

Siku walipomtoa yaya Ramazani majini, mwanangu, muzungu alikuwa amekaa mchangani, nguo zinachuruzika, anauliza kama miwani yake ya kuonea mbali imepatikana. Yaya, kaka yangu mkubwa, amelazwa karibu na miguu yake, tope mdomoni. Mama alikuwa bado hajafika. Nikianza kukumbuka ujana wangu, hilo njo linakuja la kwanza.

Nakuambia kwa sababu nimekuona asubuhi hizi mtoni na karatasi yako, unaandika ndege. Vema. Sikukatazi.

Muzungu yule, Bwana Mertens, alikuwa wa kazi ya mizigo hapa bandarini Kindu. Alipenda ndege, siwezi kumnyima hilo. Kila mwaka mpya alianza kuwaandika upya: hata kunguru wa sokoni, aliyemwona jana yake tu, ilibidi apite tena ndipo aandikwe. Tulicheka sana. Yaya ndiye alikuwa mpiga kasia wake, na akirudi nyumbani alituigia jinsi muzungu anavyolala kifudifudi matopeni kwa ajili ya ndege asiyetosha hata mboga ya mtu mmoja.

Sasa, kuna ndege mdogo wa rangi ya majivu, miguu myekundu, anayekaa juu ya mawe ya mto, upande wa juu wa Kindu. Maji yakijaa mawe yanazama, naye anahama. Kwetu sisi wa mtoni mwaka unaanza pale mawe yanapotokea na ndege huyo anaporudi. Ndipo tunapopandisha mitumbwi tena. Mawe yakiisha kuzama hapiti mtu pale, hata kama ni harusi ya dada yake.

Mwaka ule Bwana Mertens alikuwa likizo Ulaya wakati mawe yako nje. Alirudi mvua imekolea. Mwaka wake wa kizungu ulikaribia kufungwa, na ndege wa mawe alikuwa bado hajaandikwa. Akataka kupelekwa.

Yaya alimjibu, nami nilikuwapo natengeneza wavu: "Bwana, ndege ile haiko. Ungoje mawe itoke, nitakuonyesha mpaka utachoka."

Muzungu akashusha miwani yake. Nilimwona anaelekea kukubali. Lakini Feruzi, kapita, msimamizi wa wapagazi, mtu wa kwetu kabisa, mzaliwa wa ukingo ule ule, akacheka. "Mutoto wa muto anaogopa muto! Bwana, ndege iko. Mimi mwenyewe niliiona juzi."

Hakumwona. Na alijua hawezi kuwapo. Alitaka tu muzungu afurahi, na furaha hiyo itoke mkononi mwake.

Wakaenda. Mtumbwi ukapinduka pale pale mawe yalipozama. Muzungu mwenyewe alituambia kwamba yaya alimsukuma mpaka kwenye tawi, kisha mkondo ukambeba yaya. Alilia akisema hivyo, na mimi nilimhurumia. Kesho yake huruma hiyo ikaniisha. Feruzi alisimama mbele ya wakubwa akasema Ramazani alikuwa amelewa. Yaya, mtu wa swala tangu utoto, hakuonja hata pombe ya ndizi. Na Bwana Mertens, aliyekaa naye mtumbwini uso kwa uso, akatazama viatu vyake. Mpaka leo shemeji yangu, mjane wa yaya, akipita sokoni anaitwa mke wa mlevi.

Basi andika ndege wako, mwanangu. Usiyemwona, acha mahali pake patupu, wala usione haya. Usiseme umeona ili mtu akuchekee vizuri. Na anayeshika kasia akisema leo hapana, shuka, nenda ukale. Mungu akupe macho mazuri, na kila jioni akurudishe kwa mama yako ukiwa mkavu.

Bwana Mertens alisharudi kwao. Huko atakuwa na wa kumuuliza. Lakini Feruzi yuko hapa, anakaa Mikelenge, na Ijumaa anasali safu ya mbele. Haya nayo yaandike kwenye karatasi yako, mwanangu: Feruzi, najua utasomewa maneno haya. Ijumaa hii, watu wakitoka msikitini, nitakuja na shemeji. Utasimama mbele yake, useme kwa mdomo wako mwenyewe: Ramazani hakulewa, na ndege sikumwona. Tutakungoja mlangoni.