Swali Lililokosa C

Baba yangu alifundisha hesabu, na shule nzima ilimwita Plasi C, na yeye akaona sifa. Kisa ni kalkulasi. Alikuwa akisema, ukitafuta kitu kinabadilika kwa kasi gani, namba iliyosimama peke yake inafutika. Ukirudi nyuma kukitafuta kitu chenyewe, huwezi tena kujua ilikuwa ngapi. Basi mwisho wa jibu andika "jumlisha C", ukiri kwamba kuna usichokijua. Walimu wengine wakikuta C imesahaulika hukata maksi moja. Baba alifuta swali zima. Ndivyo alivyokuwa, roho ya chuma, na chaki mpaka kwenye nyusi.

Mdogo wangu wa kiume alisoma darasani kwake, akakiona cha mtema kuni. Shule ilikuwa na sheria yake: ukifeli hesabu kwenye mtihani wa majaribio, husajiliwi kufanya ule wa mwisho. Na mdogo wangu alitaka uhandisi, hana wimbo mwingine. Kwenye swali kubwa alikokotoa vizuri kutoka juu mpaka chini, akasahau C. Baba akampa sufuri, na sufuri hiyo ndiyo iliyomwangusha.

Mwalimu wa fizikia alikuja mpaka nyumbani. "Mwenzangu, kata moja tu, kijana apite."

"Darasani sina mtoto," baba alisema.

Mama aliweka sahani chini. "Baba watoto, huyu si damu yako?"

"Ndiyo maana. Watu watasema nampendelea."

Watu! Hao watu wala hawakujua kama tumekula au tumelala njaa. Nilimchukia siku ile, na sioni haya kusema. Mdogo wangu alikunja sare yake, akaenda kwa mjomba kujifunza kuchomelea mageti. Yuko huko hadi leo, macho yameharibiwa na cheche, na nyumbani hakanyagi.

Sasa baba amezeeka, kumbukumbu zinamponyoka. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha. Juzi namfunga vifungo vya shati, akaniuliza mdogo wangu mbona haji.

"Ana hasira kwa ajili ya ule mtihani, baba."

Hakuelewa. Nikamsimulia yote taratibu: swali, sufuri, mama alivyobembeleza. Alinisikiliza kwa upole ambao hatukuwahi kuuona tukiwa wadogo, machozi yakamlengalenga.

"Mwalimu gani huyo mwenye roho mbaya hivyo?" akasema. "Mngeniambia, ningekwenda kuongea naye."