Ncha za Bibi Harusi

Ukitaka kumjua Vidole msusi, mtazame anapofika kwenye ncha za misuko. Kusuka wengi wanasuka. Kumalizia ndiyo kazi. Yeye hugusisha kila ncha kwenye kiberiti cha gesi, nywele za bandia zikayeyuka kidogo, akazibana, basi, hazifumuki tena. Kisha hukiweka kiberiti mbali, hufungua madirisha, ndipo hushika kopo la sprei. Moto kwanza, kopo mwisho. Hajawahi kugeuza.

Ila siku hiyo kichwa kilikuwa cha mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mgongoni, na mdogo wake alikuwa anaolewa! Saluni imejaa wanawake, kila mmoja anaongea, hakuna anayesikiliza. Madirisha yamefungwa vumbi lisiguse gauni. Nje gari linapiga honi.

"Vidole, bwana harusi atazeeka akisubiri!" shangazi alipiga kelele.

"Azeeke tu, shangazi, mradi azeeke naye!"

Akacheka, akatikisa kopo, akapuliza mbele, akapuliza nyuma, misuko ikang'aa, watu wakakohoa. Ndipo akaziona ncha. Hajachoma hata moja!

Akanyakua kiberiti. Gumba likakaa tayari.

"Dada!" Bibi harusi alikuwa amemwona kwenye kioo. "Si umeshapuliza!"

Gumba likaganda. Chumba kizima kilinukia sprei, na kichwa alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kimelowa kitu kinachodaka moto kufumba na kufumbua. Akatoka na kiberiti hadi barabarani, amekishika kama nge.

Aliporudi, alikuwa anaamuru tayari. "Fungueni kila kitu! Asiwashe mtu hata taa! Nani ana maji ya moto?"

Muuza chai wa jirani akaja mbio na birika. Taulo mabegani, bakuli mapajani, ncha zikazama kwenye maji ya moto fungu kwa fungu, zikalainika, zikajifunga. Lakini zilichuruzika, na gauni ni la hariri.

"Kikaushio?" shangazi aliuliza.

"Humu? Thubutu! Twende!"

Gari likaondoka, misuko yote imetolewa dirishani, inapepea. Vidole amemlalia mdogo wake, mkono mmoja kwenye gauni, mwingine kwenye taulo, machozi na kicheko vimechanganyika.

"Dereva, polepole!" alilia shangazi.

"Ongeza mwendo!" bibi harusi akapaza sauti, kichwa nje. "Ongeza, zikauke!"