Kitenge cha Harusi na Kamera Yangu ya Kwanza

Bado naisikia simu ile, mwanangu, ilivyolia asubuhi moja dukani kwa mama yangu, kabla hatujamaliza kupanga majora ya vitenge mlangoni. Mama alikuwa na duka la jumla Kariakoo, katika mtaa ule ambao ukisimama kufunga kamba ya kiatu unajikuta umesukumwa mpaka mitaa ya Gerezani. Mimi Aika, mwanawe wa kwanza wa kike, nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimekaa nyuma ya kaunta naipangusa kamera yangu.

Nikwambie kidogo habari ya kamera hiyo. Siku hizi nyinyi mnazaliwa na picha mkononi. Enzi hizo kamera kubwa ya dijitali, ile ya kubadilisha lenzi, ilikuwa kitu cha kukaziwa macho mjini. Kaka yangu aliyekuwa akifuata mzigo Dubai ndiye aliyeniletea, na mimi nikaja na wazo: nipige picha vitenge vya dukani, nizitume kwa barua pepe, ili wateja wa mikoani wachague bila kupanda basi. Mama alikubali. Alikuwa mtu wa kukubali mambo ya watoto wake, kisha anakaa pembeni kuona yataishia wapi.

Aliyepiga simu alikuwa Mama Elinami, mteja wetu wa Moshi. Sauti yake ilitoka kwenye simu ikanifikia mpaka nilipokaa.

"Mama Aika, umenitumia nini wewe? Nimeagiza bluu ya harusi, nimepokea zambarau ya Kwaresima! Watu watauliza tumekuja kufunga ndoa au kufunga chakula!"

Binti yake, Elinami, alikuwa anaolewa. Kina mama wa ukoo walikubaliana sare ya bluu, wakaenda pamoja kwenye duka la intaneti pale Moshi, wakaona picha yangu, wakapenda, wakaagiza. Mzigo ukapanda basi. Walipoufungua, kila mmoja akamtazama mwenzake. Kitenge kilikuwa zambarau, na kilikuwa zambarau tangu kiwandani. Picha yangu ndiyo iliyokifanya bluu.

Kosa lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Kwenye kamera ile kulikuwa na vialama: jua, wingu, nyumba yenye kivuli, balbu, taa ndefu ya tyubulaiti. Mimi nilikuwa nikivibonyeza kama mtoto anayechezea redio. Siku ile nilikuwa nimeweka alama ya balbu, si kwa kujua, ila kwa sababu kwenye kioo kila kitu kilionekana chenye ubaridi mzuri wa kupendeza. Sikujua kwamba alama hiyo huiambia kamera, "Hapa pana mwanga wa njano, ongeza bluu upoze." Kamera ni mtumwa mtiifu. Ikaongeza bluu mahali ambapo hapakuwa na njano ya kupoza.

Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Mama Elinami, pole sana, kosa ni la kwetu. Bluu ninazo, tena za aina nyingi. Nitakutumia picha leo, uchague, mzigo upande basi la alfajiri."

"Picha? Picha tena? Sitaki kuisikia picha! Picha zako zinasema uongo. Mafundi wamekaa na cherehani wananisubiri mimi. Nikiona vipi naenda kununua Arusha."

"Nipe mpaka jioni," mama akasema. "Kwa heshima ya huko tulikotoka, nipe mpaka jioni."

Hapo uelewe kilichokuwa hatarini. Kabla ya kupata duka, mama alikuwa akiuza mitumba Mchikichini, chini ya turubai. Mama Elinami ndiye mteja wa kwanza wa mkoani aliyemwamini, akamwagiza mzigo bila kuuona, na wengine wakafuata kwa kumwona yeye. Kina mama wa Moshi wangesema kwa Mama Aika kuna uongo, habari ingetembea kwenye ibada, kwenye vikoba na kwenye misiba, na huwezi kuikimbilia mbele ukaizuia. Njia ya mwongo ni fupi, na sisi tulikuwa hatujadanganya kwa kusudi, lakini aliyepokea zambarau hana haja ya kujua kusudi lako.

Na sampuli? Kupeleka sampuli kwa basi, wachague, wapige simu, ndipo mzigo uondoke, mafundi wangekuwa wameshafunga cherehani zao. Ilikuwa lazima picha.

Mimi nikafanya nini? Nikachukua simu nikampigia kaka Dubai. Nikamwambia kamera hii haifai, anitafutie lenzi kubwa zaidi na zile taa za studio zenye miavuli. Mama alikuwa ananisikiliza huku anakunja kitenge. Nilipokata simu akaniita.

"Aika, mchagua jembe si mkulima. Hiyo uliyonayo umeshaimaliza?"

"Mama, lenzi yake ndogo."

"Sikuulizi udogo. Nauliza umeimaliza? Kile kitabu chake umekisoma?"

Kitabu kilikuwa bado ndani ya boksi, kwenye mfuko wake wa nailoni.

"Jiko jipya halimfundishi mtu kupika," akasema. "Mtazame yule dada."

Mteja mmoja alikuwa ameingia, amechagua kitenge, amekiweka begani, na sasa alikuwa anatembea nacho kuelekea mlangoni. Akasimama kizingitini, akakigeuza mbele na nyuma, akarudi ndani anatabasamu.

"Kwa nini ametoka nje?" mama akauliza.

"Kuangalia rangi. Humu ndani taa zinabadilisha."

"Wateja wote wanalijua hilo, nawe unalijua tangu mtoto. Sasa mbona kamera yako umeifungia humu ndani?"

Mwanangu, kuna maneno yanakuuma na kuna maneno yanakufungua. Yale yalifanya yote mawili. Nikalipasua boksi, nikakitoa kile kitabu, nikabeba majora mawili begani, nikamwomba mama aniletee mengine, nikapanda juu ya paa.

Jengo letu lilikuwa na paa la zege ambapo wapangaji walianika nguo. Mwenye pahali pale, kwa desturi kama si kwa hati, alikuwa Bi Rukia, mama mtu mzima wa Kipwani aliyekaanga vitumbua vyake kule juu ili moshi usiwasumbue majirani.

"Shikamoo, Bi Rukia. Naomba kamba zako."

"Marahaba, mwanangu. Chukua, ila shuka langu usilisogeze, bado bichi."

Nikatundika bluu zetu zote, nikapiga. Picha zikatoka zimeungua, nyeupe kama zimemwagiwa unga. Jua la saa sita la Dar es Salaam halitaki mchezo. Nikakaa chini nikasoma kitabu, kwa mara ya kwanza nikasoma kweli, kidole kwenye mstari na jicho kwenye kitufe. Nikahamisha vitenge kwenye kivuli cha tangi la maji, mahali penye mwanga mwingi usio na hasira. Kitabu kikasema, ikiwa hujui mwanga uliopo, ionyeshe kamera kitu cheupe, uiambie, "Hiki ndicho cheupe," nayo itapanga rangi nyingine zote kwa kufuata hicho. Nikachukua karatasi nyeupe, nikaipiga picha palepale kivulini, nikabonyeza walivyosema. Nilipopiga kitenge tena, nikainua kichwa, nikatazama kitenge, nikatazama kioo. Bluu ilikuwa bluu. Nikajikuta nacheka peke yangu.

Lakini upepo ukaja. Vitenge vikawa vinacheza, picha zinatoka na ukungu. Nikatafuta kitabuni, nikaongeza kasi ya kamera kufumba jicho lake, nikafungua zaidi tundu la lenzi ili mwanga usipungue. Viwiko nikavibana mbavuni, nikatoa pumzi, ndipo nikabonyeza. Bi Rukia akaacha vitumbua vyake akaja kunishikia pindo. "Ukiona vyaelea vimeundwa," akaniambia. "Kumbe na picha nazo zinaundwa? Mimi nilidhani mnabonyeza tu."

Nikawa na picha za kweli. Ndipo swali likanishika: Mama Elinami atajuaje kwamba ni za kweli? Ameshasema picha zetu zinadanganya. Na hata akikubali kutazama, kioo cha kompyuta ya Moshi si kioo cha kompyuta ya Kariakoo. Kimoja kina njano, kingine kimefifia. Nilihitaji shahidi, na shahidi mwenyewe awe mtu anayejulikana kwake na kwangu.

Bi Rukia alikuwa amerudi kwenye jiko lake, makaa yamezimika, anawasha upya. Akatoa kiberiti. Nikakitazama kile kiboksi mkononi mwake.

"Bi Rukia, kiberiti hiki Moshi kipo?"

"Kiberiti hiki? Nchi nzima kipo hiki. Kwani huko wanawasha kwa jiwe?"

"Naomba niazime."

Nikatandaza vitenge palepale kivulini, nikakiweka juu ya kila kimoja, katikati, rangi zake zote zinaonekana, nikapiga moja moja. Nikashuka ngazi mbiombio mpaka duka la intaneti, nikatuma. Mama akapiga simu Moshi.

"Mama Elinami, picha zimefika. Sikuombi uniamini. Nakuomba uende na kiberiti cha jikoni kwako. Kila picha ina kiberiti. Kishike chako pembeni ya kioo. Kiberiti kikiwa sawa na chako, na kitenge ni sawa. Kikiwa si sawa, nenda Arusha, nami sitakulaumu."

"Kiberiti?"

"Kiberiti, mama."

Kusubiri ni kazi nzito kuliko kubeba jora. Nilihudumia wateja bila kujua nimewauzia nini. Mama alikunja kitenge kimoja, akakikunjua, akakikunja tena, ndipo nikajua naye moyo wake haujatulia.

Simu ilipolia mama aliiweka sikioni bila kusema hata haloo. Nikasikia sauti za wanawake wengi nyuma, wanacheka.

"Mama Aika," Mama Elinami akasema, "nimekiona kiberiti changu. Watu humu kwenye intaneti wananishangaa, nimesimama na kiberiti kwenye kompyuta kama nataka kuiunguza. Kiko vilevile. Tunataka ile bluu yenye ua dogo jeupe. Elinami mwenyewe ameigusa kwenye kioo."

Mama akafumba macho. "Mungu ni mwema," akasema. "Alfajiri iko kwenye basi. Na ile zambarau irudishe, gharama juu yangu."

"Irudi wapi? Kwaya wameshaiona, wameing'ang'ania. Wanasema Kwaresima haiko mbali. Ila sikiliza, huyo aliyepiga picha ni nani?"

"Ni huyu binti yangu."

"Basi naye aje harusini. Mpiga picha tuliyepatana naye ni kijana wa haraka haraka, na mimi nataka mtu anayejua bluu ni bluu."

Ndivyo nilivyokwenda Moshi na kamera shingoni, lenzi ileile ndogo, betri ya akiba mfukoni. Baada ya ibada niliwapanga kina mama kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, sare zao za bluu zimeshonwa kila mtu na mshono wake. Niliwasalimia mmoja mmoja kabla sijainua kamera. Mama Elinami alinishika shavu akasema, "Wewe ndiye uliyeniletea zambarau, na wewe ndiye uliyeniletea bluu." Tukacheka wote, na hapo hapo nikapiga. Picha hiyo ndiyo iliyonipa kazi ya pili, na ya pili ikaita ya tatu, na huo ndio mkate ninaokula mpaka leo, nywele zimeanza kuwa nyeupe.

Basi, mwanangu, naambiwa umenunua kamera. Hongera. Najua umeshaanza kutamani lenzi ya mwenzako, kwa sababu nami nilitamani. Iache kwanza. Kaa na hiyo moja mpaka vidole vyako viijue gizani, kitufe kimoja kwa wakati wake, maana mshika mbili moja humponyoka. Kisome kitabu chake. Hakuna aibu kukisoma, aibu ni kubahatisha mbele ya mtu aliyekuamini. Mnapenda kuniambia, "Poa tu, bi mkubwa, tutarekebisha kwenye kompyuta." Rekebisheni, sikatai. Lakini jifunze kuuona mwanga kwa macho yako kabla hujaiomba mashine ikuonee. Utazame unaingiaje dirishani, unatuaje usoni mwa mtu, saa gani ni mpole na saa gani unaunguza. Picha ikiharibika usiitukane kamera. Iulize uliiambia nini. Na ukimpiga mtu, mpige baada ya salamu, umwonyeshe kama alivyo, kwa sababu jina jema hung'ara gizani, na jina la mpiga picha ni ukweli wake.

Usiogope. Hii kazi inafundishika, nami ni ushahidi wake. Mungu akupe jicho lisilochoka na mkono usiotetemeka. Akuweke mbele ya nyuso zenye furaha, na hata ukiitwa mahali pa msiba, akupe adabu ya kusimama pale. Picha zako zikutangulie mahali ambapo miguu yako haijafika, na siku utakapofika, ukute watu wamekuwekea kiti.